Mchanga Miguuni mwa Askari

Tarehe 6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa wiki saba bila kukuandikia. Kila nikishika kalamu mtoto analia, na akinyamaza ndipo naogopa zaidi. Natumaini tumbo lako limetulia na ule mkono wa kulia umeacha kukusumbua. Mimi mzima wa mwili tu.

Mjukuu wako anaumwa. Yule Kipipa wetu siku hizi hana upipa wowote, mbavu unazihesabu. Hali chakula, anashika tumbo, choo hapati. Lakini kinachonitoa akili ni maneno. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anasema "maji", "babu", "toka", na "sitaki" ndiyo usiseme. Sasa ametimiza miaka miwili na maneno yote yamemtoka, moja baada ya jingine. Ananitazama tu kama mgeni.

Daktari aliniuliza, "Mama, nyumbani unafanya kazi gani?" Nikamwambia napaka rangi askari wadogo wa zamani, wa mikuki na wa mishale, warefu kama kidole gumba, wa watu wanaocheza vita mezani. Baba yangu huyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu zenye umbo lao, mimi nawapiga tupa, nawapaka rangi, nawasimamisha kwenye vibao vya mchanga. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Wametengenezwa kwa nini?"

Nikasema bati, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha: bati safi, halina neno. Akamtoa mtoto damu. Majibu ni baada ya wiki tatu.

Baba, chumba ni kimoja. Meza iko dirishani, kitanda nyuma yake. Mtoto hana ua wa kuchezea, kwa hiyo huchezea sinia la mchanga, ule ule wa kuwasimamishia askari. Huutia hata mdomoni. Na vumbi la tupa likijaa mezani huwa nalipangusia humo humo, maana linaupa mchanga rangi ya mawe na wateja wanapenda. Niambie ukweli: kwenye chungu chako unayeyusha nini?

Binti yako,
Mama Kipipa

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, tumbo ni uzee tu, na mkono nao umeiga tumbo.

Huyo daktari wako ni wa juzi. Miaka arobaini nimekaa mbele ya chungu, mbona sijafa? Mtoto ana minyoo. Mpe dawa ya minyoo na uji mzito. Maneno yatarudi, wewe mwenyewe ulichelewa kusema, na siku ulipoanza hatukuwa na pa kuficha masikio.

Ni bati. Nimekwambia ni bati.

Nimekutumia wapiga upinde ishirini na wanne. Kofia zao usizing'arishe kama sufuria. Piga nyeusi kwanza, ikauke, kisha brashi kavu yenye rangi ya fedha kidogo, juu juu tu, kama unampangusa mtoto pua. Wateja siku hizi wanasifu sana uzito wao.

Baba yako

Tarehe 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo.

Majibu yametoka. Ni risasi, yale madini ya kwenye betri. Daktari alirudia kipimo mara mbili kwa kutoamini. Jumapili asubuhi Kipipa alishikwa na degedege mikononi mwangu, na sasa tumelazwa, tunagawana kitanda kimoja.

Nilimwonyesha fundi redio wa mtaani mmoja wa wale wapiga upinde. Akaniambia, "Mburute kwenye karatasi. Bati safi halichori hivi." Nimemburuta kwenye karatasi hii hii. Mstari wa kijivu unaouona hapa chini si wa penseli, baba.

Sikutukani. Sinia la mchanga nilimpa mimi, na vumbi nililipangusia humo kwa mkono wangu. Nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Lakini daktari anataka kujua kama ni risasi tupu au umechanganya, na umeanza lini, ili ajue mtoto ameila kwa muda gani. Sasa hivi anabahatisha. Usiponijibu wewe, nani mwingine anaweza kunijibu?

Binti yako

Tarehe 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yangu umeipata? Awamu ya kwanza ya dawa ya kuitoa risasi mwilini imekwisha, kipimo kimeshuka kidogo sana. Tafadhali.

Binti yako

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Anayeandika ni kinyozi jirani yangu. Mkono wangu umelegea kuanzia kifundo, nikiuinua unaanguka kama kitambaa. Maneno ni yangu, yeye usimlaumu.

Bati liliadimika. Tangu mwezi wa nane mwaka juzi nayeyusha betri chakavu za magari. Mwanzoni nilichanganya nusu kwa nusu. Tangu mwaka jana ni risasi tupu. Ilijaa vizuri kwenye kalibu, hata vidole vya askari vikaonekana. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kuwapokea, na ukiacha kuwapokea, mimi nitaamka asubuhi nifanye nini? Nilijua si nzuri kwangu. Ya mchanga sikuyajua. Naapa sikuyajua.

Jiko nimelizima. Askari waliobaki nitawafukia nyuma ya karakana. Usinijibu. Mtoto usimlete kwangu tena. Niache niishie humu humu.

Kinyozi anasema hawezi kuendelea kuandika huku mtu analia.

Baba yako

Tarehe 17 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Umesema nisikujibu. Tangu lini nikakusikia?

Daktari ameisoma barua yako, ameongeza awamu mbili za dawa. Kipipa anakula kidogo. Hasemi. Nimemuuliza daktari mara tatu kama atasema, na mara tatu amenijibu "huenda", na neno hilo nimelichoka. Meza na sinia nimevitoa. Asubuhi na jioni namwachia muuguzi mtoto, naenda nyumbani naipiga sakafu kwa kitambaa kibichi mpaka magoti yamechubuka.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo foleni ni ndefu, tusimame wote. Lakini kuishia humo peke yako, hilo sikukubalii. Mkono unaoanguka una dawa, ile ile ya mjukuu wako, na wodi ya wanaume iko ng'ambo ya korido. Nimekwisha kukuandikisha.

Usifukie askari hata mmoja. Watu wa maabara ya hospitali watakuja kuwachukua. Ninachohitaji bado ni hivi, mpe kinyozi anifungie:

Majina na anwani za wateja wote waliochukua askari tangu mwezi wa nane mwaka juzi. Nitawaandikia mimi, mmoja mmoja. Wana watoto. Najua baada ya hapo hakuna atakayetaka kazi yetu.

Kipande cha kilichoganda chunguni, kikubwa kama harage, kwenye chupa iliyozibwa.

Funguo za karakana, zote mbili, ukiwemo ule unaodhani siujui.

Nguo zako za wiki mbili, si za kazini, zifuliwe peke yake mara mbili. Hizo zitangulie. Mwenye nguo afuate kwa basi la Alhamisi, nitakuwa kituoni.

Binti yako