Ndagala mdomoni mwa Dezire

Basi ndiyo, bado nampenda, hata baada ya ile picha. Tena nampenda zaidi! Leo Jumapili, mvua inapiga bati letu hapa Musaga, na mimi ninacheka peke yangu.

Tangu tufunge ndoa, Mama hajaona nyumba yetu. Yuko Rumonge, na mafuta yamekuwa haba, magari hayapatikani ovyo. Kwa hiyo leo tulimpigia kwa video, kwenye kompyuta ya mume wangu, Dezire. Nilitaka aone kwamba nimeolewa na mtu mwenye heshima. Hilo tu. Nililiombea hata kanisani.

Picha ikaanza kuganda. Sauti nzuri, picha jiwe.

Kwetu, mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Ni aibu kubwa. Dezire wangu anajua, lakini alikuwa na njaa, na sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa karibu. Akaninong'oneza, "Cheri, imeganda, hanioni." Akachukua mmoja.

Picha ikaruka mara moja. Ikaganda tena.

Sasa Mama ana mkwe aliyefumba jicho moja, mdomo wazi, na mkia wa ndagala unaning'inia.

"Yoo! Mukwe anakula mbele yangu?" Nyuma yake nikasikia mashangazi wakipiga vigelegele vya kejeli. "Mukwe, umeze basi! Tunangoja!"

Alikuwa amemeza zamani, maskini. Picha ndiyo ilikataa kumeza.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kompyuta hii ina kadi mbili za picha: moja dhaifu, haili umeme, na nyingine yenye nguvu, ambayo Dezire huitumia kuhariri video za harusi za watu. Kumbe kivinjari, ile programu tuliyompigia Mama, alikuwa amekipa ile dhaifu, ili betri ivumilie umeme unapokatika. Na sisi tulikuwa tumeibebesha pia picha bandia ya maua nyuma yetu, kuficha nguo zinazokaukia ndani. Ingepumuaje?

Nikachagua kadi yenye nguvu. Nilijiona mhandisi!

Ndagala hakutikisika.

"Lazima ufunge kivinjari, ukifungue upya," Dezire akasema, uso mikononi. Lakini nifunge vipi? Mama alikuwa anasema! Nani humkatia mama yake maneno katikati? Tukakaa, mikono magotini, tukisikiliza sifa za wakwe wa majirani, wote wanaojua kufunga mdomo.

Alipovuta pumzi, nikarukia. "Mama, ninaomba nifunge kidogo, nifungue tena."

"Unifungie mi nikiwa nasema? Ndoa imeshakufundisha hiyo?"

"Apana, Mama! Ni ili umuone vizuri."

"Nimemuona hadi kwenye koo!"

Lakini akaniruhusu. Nikafunga, nikafungua. Mioyo yetu! Feni ya kompyuta ikavuma, na picha ikaja laini kama maji. Dezire alikuwa amesimama wima, amefuta mdomo, ameinamisha kichwa, akasalimu kwa mikono miwili. Mzuri huyo mwanaume, jamani! Nilisahau hata kuogopa.

Mama akasogeza uso karibu na kioo, akamtazama. Mashangazi nao wakasogea.

"Kumbe ni mutu mzuri hivi," akasema mwisho. "Lakini mi sitaki tena kumuona mu kioo. Mumulete hapa. Nitamupikia mi mwenyewe, nimupe kwa mukono wangu, ale mbele yangu. Ndiyo aibu itaisha."

Dezire akaitika "Ego, Mama" kwa sauti ndogo sana. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu nyuma ya mgongo wake, akizuia kicheko.

Mimi ndiye niliyetoa ahadi, na ninaiandika hapa nisije nikaikwepa: Mama, hata kama tutapanga foleni ya gari kutwa nzima, mwezi huu hautaisha kabla hatujabisha hodi kwako, mimi na mume wangu, tukiwa na njaa.