Zile Siku Mbili za Mama Anjelina

Baba Zawadi, mume wangu,

Haya nayaandika hadharani, maana kosa langu nililifanya chumbani nawe hukuwahi kunitangaza. Leo najitangaza mwenyewe, tena kifua mbele.

Unamkumbuka Mama Anjelina wa Nyabibuye? Alikuja hospitalini Kibondo mjamzito, tumbo linamuuma. Ukadhani ni mambo ya mimba tu, ukampa vidonge, ukamrudisha nyumbani. Siku mbili baadaye aliletwa hoi kwenye pikipiki, utumbo umejisokota. Ulimpasua, akapona. Mtoto hakupona. Jioni ile hukugusa chakula.

Kisha ukasema utaandika kisa kile, ukipeleke kwenye jarida la mtandaoni ambalo kila mtu analisoma bure. "Atakayempata mgonjwa kama huyu ni daktari wa wilaya kama mimi," ulisema. "Akikuta mlango wa kulipia, ataishia hapo hapo." Mwandiko wako, jamani, kuku ana nafuu! Basi nikachapa mimi, mwalimu wa Kiingereza niliyeletwa na ajira kutoka Tanga. Nilipofika kwenye zile siku mbili, nikagoma. "Wakubwa wakisoma hili, kazi huna. Zawadi atakula nini?" Tuligombana mpaka ukanyoosha mikono. Nikazifuta.

Lakini kwako dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa halikutosha. Mgonjwa alisomewa yote kwanza, kwa Kiha chenu cha Makere. Tukaenda wote Nyabibuye. Ulipomaliza kusoma, Mama Anjelina aliitikia.

"Ego, ndiyo, daktari. Na zile siku mbili?"

Ukaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Mwanangu alifia humo. Ziandike, la sivyo dole sitii."

Nilizirudisha mwenyewe. Makala ilipotoka, wenzako wengine walicheka eti umejianika. Ukaitwa ofisini. Ulivaa shati la Jumapili, ukasema ndiyo, nilikosea, ukarudi wodini kuendelea na kazi. Sikukuambia siku ile, ila nilijivuna kuwa mkeo kuliko siku ya harusi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilikuwa hospitalini Kasulu. Daktari kijana aliposikia jina lako la ukoo alinishika mkono asiuachie. Alikuwa na mjamzito mwenye maumivu yale yale, ameshampa vidonge, yuko mlangoni anaondoka. Akakumbuka makala yako, aliyoisoma kwenye simu. Akamwita arudi. Mama mzima, mtoto mzima! Nililia pale pale mbele za watu, wala sikuona haya. Laiti ungekuwepo.

Nikapanda gari mpaka Nyabibuye kumpa habari mwenyewe. Mama Anjelina alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kanga.

"Huyo mtoto," akauliza, "wamempa jina gani?"

Sikujua, Baba Zawadi. Kesho narudi Kasulu kuuliza.

Pumzika kwa amani, daktari wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Zawadi