Mapigo ya Mbwa Wako

Karatu, Jumapili

Sadiki,

Salamu zako zimefika. Huku ni baridi na ukungu tu, na wateja wa kule mlimani Nainokanoka wamemaliza mablanketi yote dukani kwa baba. Mshenga wako alikuja jana, barua ya posa ameifunga kwenye leso. Mama alifurahi mpaka akakaanga vitumbua.

Sasa lile ombi lako jingine. Eti nibadili majibu ya jaribio la dawa la maabara yetu yafanane na ya maabara yenu, kwa sababu mke hampingi mumewe. Una macho makavu kweli!

Dawa ni moja na utaratibu ni mmoja: mbwa azoee chumba na mtu wa kumshika, atulie, ndipo apimwe moyo. Kwetu dawa ilishusha mapigo mpaka mbwa mmoja akazirai. Kwenu, salama salimini. Nilipowatembelea nikaona sababu. Mnamburuta mbwa kwa mnyororo, mnamfunga mezani, na wewe unamfokea. Moyo unamwenda mbio kwa hofu, kwa hiyo dawa ikiushusha, mnaandika kwamba uko sawa. Halafu dawa hiyo wameze watu?

Majibu yetu nimeyapeleka kama yalivyo. Leso mshenga wako ameondoka nayo, barua ikiwa ndani, haijafunguliwa.

Kila uliponishika mkono moyo wangu ulikwenda mbio, nami nikadhani ni mapenzi. Nilikuwa bado sijawaona mbwa wako.

Radhia