Blouse yenye mikono mifupi

Dimanche, magharibi, mwezi wa kumi

Sijawahi kuambia muntu yeyote: sikuingia médecine. Nilianguka mtihani wa kuingia, halafu nikajiandikisha peke yangu kwenye école ya infirmière, kusomea uuguzi, nikalipa na pesa ya kazi niliyofanya wakati wa vacances, masomo yamefungwa. Maman anajua tu kwamba navaa blouse nyeupe, koti ya hospitali, basi anaamini nasomea udaktari.

Nimechoka. Si masomo, masomo nayapenda. Ni kanisa. Leo tena Maman Béatrice, anayeimba kwenye chorale, akasema: "Docteur wetu, goti yangu inaniuma, utaiangalia lini?" Watu wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Maman wangu hakucheka. Yeye anaogesha wazee kwenye home, nyumba ya kutunzia wazee, tangu nikiwa mdogo. Husema mgongo wake utapumzika siku nitakapokuwa docteur.

Bon. Sasa hivi alikuwa anapiga blouse yangu pasi huko salon, sebuleni. Akauliza, polepole: "Wee mutoto, hii ina mikono mifupi, sawa ya ba-infirmière wetu kule kazini. Docteur gani anavaa hii?"

Nikasema ni ya labo, ya kupimia damu, nikakimbilia chumbani.

Pasi imenyamaza. Nasikia sandali zake kwenye couloir, anakuja mlangoni kwangu. Kila siku naficha hii cahier ninayoandikia chini ya mto. Leo naiacha wazi hapa mezani, aisome mwenyewe, maana mdomo wangu hauwezi kumwambia.