Sauti ya Précieuse

Musienene, mwezi wa tatu 2001

Yaya Virginie, mukubwa wangu wa kule Bungulu,

Wasingya, aksanti sana kwa chumvi yenye ulitutumia. Huku maharagi imezaa muzuri, lakini viazi vilioza na mvua.

Uliuliza habari ya mutoto wangu Précieuse. Wakati alikabwa na ile mbegu ya maharagi, mama-mukwe alisema ni kilimi, bakikate. Mimi nilimukimbiza Butembo. Docteur aliitoa, lakini koo ilikuwa imevimba sana, akamutoboa shingo na kutia katuyau, kamupira kadogo ka kupumulia. Tangu pale pumzi inatokea mu katuyau, mutoto analia machozi tu, sauti hapana.

Kisha basoda bakapita huku na bunduki. Tulijificha mu shamba na majirani. Bamama bengine balikuwa banafunga batoto babo kinywa na mikono. Précieuse alilia ku mugongo yangu mupaka nguo ikalowana, na hakuna mutu alimusikia.

Sasa Docteur anasema koo imepona, siku kuu ya Paska ikipita, atatoa katuyau. Baba yake anafurahi. Mimi, Yaya, sijui. Na basoda bakirudi? Nilienda ku misa kuomba, nikakosa kitu ya kuomba.

Jana Précieuse alifunga katuyau na kidole, vile Docteur alimufundisha, akaniita kwa nguvu: "Mama!" Nilicheka, nikalia. Halafu nikaona mukono yangu imeshamufunga kinywa.

Akaniangalia. Akatoa kidole ku katuyau, yeye mwenyewe.

Mudogo wako,
Séphora