Roshani Moja, Mashemeji Wawili

Chumba 9114, sitaha ya tisa
7 Oktoba, baada ya chakula cha mchana

Shemeji Gerolamo,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Tumbo linasemaje? Langu zima kabisa. Lina miaka themanini na moja na halijawahi kuugua ila siku ile niliyokula samaki uliyempika wewe. Nakuandikia kwa sababu simu ya chumbani ukiipokea unauliza "nani, nani" mpaka mtu anachoka anakata. Sikio lako lilikufa zamani kwa nyundo za kiwandani. Yule mama Mfilipino anayegawa sinia za chakula, Luzviminda, amekubali kutubebea barua. Chakula mara tatu, barua mara tatu. Hata baba mtakatifu hapati posta ya namna hii.

Tangazo najua hukulisikia, basi mimi ndiye redio yako. Nahodha anasema ugonjwa wa kuharisha umeingia melini, watu mia na zaidi wako chini. Kila mtu abaki chumbani mwake, asitoe hata pua nje. Bandari tuliyokuwa tuingie leo imetukataa, sasa tunaelea kati ya Sardinia na Korsika kama kizibo kwenye beseni. Siku mbili, siku nne, hakuna anayejua.

Mimi sina shida. Roshani yangu hii, acha nikwambie. Viti viwili, kimoja cha makalio, kimoja cha miguu. Asubuhi nimenyolea ndevu nje na fulana tu, povu likaruka na upepo likampata mtu wa sitaha ya nane, nikasikia ananilaani kwa Kijerumani. Miaka thelathini na tano nimefanya kazi chini kwenye injini za meli. Nimeizunguka dunia mara kumi na moja, na bahari nilikuwa naijua kwa kuisikia inagonga vyuma tu. Sasa naiona yote, nimekaa, miguu juu. Mrihani wetu tuliotoka nao nyumbani nimeuweka kwenye kona upepo usipofika. Nakutumia jani moja. Lisugue kiganjani kisha unuse kiganja, usilibandike puani kama mtu wa Milano.

Na hicho chumba chako cha ndani? Najua wewe na vyumba visivyo na dirisha. Lakini roshani ilikuwa moja, tukaipigania kwa karata, ukashindwa mbele ya baa nzima ya Ersilia. Vumilia.

Shemeji yako, mume wa marehemu dada yako,
Baciccia


Chumba 4027, sitaha ya nne
7 Oktoba, jioni

Shemeji Baciccia,

Salamu nimezipokea, na jani pia. Tumbo salama, sijaharisha.

Chumba hiki nilikikubali kwa sababu nilijua ni cha kulalia tu, mchana kutwa nitakuwa juu sitahani. Sasa nimo tangu asubuhi. Nimekipima. Hatua tano kwenda, tatu kukata. Ukizima taa saa sita mchana huoni mkono wako. Basi siizimi. Kuna pazia, nimelifungua, nyuma yake ni ukuta. Nani anauvalisha ukuta pazia?

Luzviminda akileta sinia namwomba auache mlango wazi kidogo. Anasema haruhusiwi, lakini anahesabu mpaka kumi kabla hajaufunga. Ni mwanamke mwema.

Jani nimelisugua. Bado linanukia.

Shemeji yako,
Gerolamo


Chumba 9114
8 Oktoba, asubuhi

Shemeji,

Umeamkaje? Mimi nimeamka na nyangumi. Usicheke. Nimefungua mlango wa roshani, na yeye huyo, mita ishirini, mkubwa kama kanisa letu la Voltri ukiondoa mnara. Akanitazama kwa jicho moja, mimi nikamtazama kwa mawili, akaona ameshindwa akazama. Alikuwa na macho ya Ersilia siku anayokwambia baa imefungwa.

Kifungua kinywa nimekula nje. Mkate wao wanauita fokacha. Nimeuchovya kwenye kahawa na maziwa kama tunavyochovya nyumbani, ukayeyuka wote, nikanywa fokacha kwa kijiko. Jua limenipiga usoni mpaka nimekuwa mwekundu. Ukiniona utadhani nimeona haya, na wewe unajua sijawahi.

Kuhusu lile pazia, lifunge, halafu jiambie nyuma yake kuna bahari na wewe ndiye hutaki kuiangalia. Fanya kama watu wenye maringo. Na usianze kulikumbuka lile tangi. Yale yalipita mwaka sabini na moja, hata aliyekufungia ameshakufa.

Jani la pili hili.

Shemeji yako,
Baciccia


Chumba 4027
8 Oktoba, mchana

Shemeji,

Natumai u mzima. Nyangumi wako mpe salamu.

Unaniambia nisilikumbuke. Mimi silikumbuki, ndilo linalonikumbuka mimi. Nilikuwa ndani ya tangi la meli nachomelea, wakadhani nimeshatoka, wakaweka kifuniko na kukaza bolti zote. Niligonga kwa nyundo tangu kabla ya chakula cha mchana mpaka saa ya kutoka kazini, na nje kulikuwa na nyundo mia mbili nyingine, nani atajua ipi ni yangu. Tangu siku hiyo nalala dirisha wazi, hata Januari. Dada yangu alijua. Wewe unajua.

Hapa nimepata mahali. Sakafuni bafuni, chini ya beseni, kuna tundu linaloingiza hewa. Nakaa pale, naweka mdomo karibu nalo. Usimsimulie mtu baani.

Habari za jua acha kuniandikia. Niambie tu upepo unatoka wapi leo.

Shemeji yako,
Gerolamo


Chumba 9114
8 Oktoba, jioni

Shemeji,

Pole sana, ndugu yangu. Upepo ni wa kusini magharibi, ule ule unaotuchafulia nguo kwenye kamba kule Voltri. Mchana ulikuwa mkali, sasa umelegea. Una unyevu. Ukiulamba mdomo unapata chumvi. Unaingilia upande wangu wa kushoto, unazunguka nyuma ya kiti, unatikisa mrihani kidogo, unatoka. Nimekaa saa nzima nauangalia ili nikuandikie sawasawa.

Nimempigia simu afisa. Nimemwambia, mpandisheni shemeji yangu kwangu, mimi nishusheni kwake, mnabadilisha wazee wawili, kazi ya dakika tano. Akasema hapana, hakuna mtu anayevuka mlango wake. Nikamwambia basi mleteni tukae wote wawili, kiti cha pili ninacho. Hapana. Nikamwambia nimewahi kuokoa meli tatu kwa mikono hii, moja ikiwa inaungua. Akaniambia, "Asante, bwana, unawe mikono hiyo."

Chakula cha jioni nimekiacha nusu. Kukaa roshani nako sijui vipi, leo kiti kimekuwa kigumu.

Nijibu asubuhi. Usikae tu sakafuni, utapata baridi ya figo.

Shemeji yako,
Baciccia


Chumba 4027
9 Oktoba, asubuhi

Shemeji,

Upepo nimeupata. Ahsante. Jani lingine usitume, mrihani utabaki fimbo.

Kuta zimesogea. Najua hazisogei.

Shemeji yako,
G.


Chumba 9114
9 Oktoba, mchana

Gerolamo,

Luzviminda amerudi na jibu langu kwa barua yako ya asubuhi mkononi. Anasema alibisha hukufungua. Nikamwambia kiziwi habishiwi, tumia ufunguo. Akaenda tena, akafungua. Anasema uko sakafuni bafuni, magoti kifuani, unagonga bomba kwa kijiko. Sinia la jana jioni na la leo yote hayajaguswa. Amekugusa bega hukugeuka. Daktari ameitwa, lakini daktari ni mmoja na wanaoharisha ni mia tatu, na wewe huharishi.

Nijibu. Andika tusi moja tu, katika yale ya Kijenoa chetu unayoyajua mwenyewe, mradi nione mwandiko wako. Luzviminda nimemwambia asimame hapo mlangoni mpaka uandike. Ahesabu mpaka elfu.

Shemeji yako,
Baciccia


Chumba 4027
10 Oktoba, asubuhi

Shemeji Gerolamo,

Umelalaje huko juu? Umekula? Mlango wa roshani ukigoma, usiuvute, unyanyue kidogo kwanza.

Jana hukuwa katika hali ya kuuliza maswali, basi nikusimulie umefikaje. Luzviminda aliporudi mikono mitupu, nilivaa kofia na suruali ya kulalia nikatoka. Watu wa roshani hawaijui meli, sisi wa injini ndio tunaijua. Kila meli ina mlango mdogo wa kijivu ambao abiria wanapita bila kuuona, na nyuma yake kuna ngazi ya wafanyakazi. Nimeshuka sitaha tano na goti hili bovu na chungu cha mrihani kifuani. Ndiyo, nilikibeba, ndicho hicho ulichopanda nacho. Usiniulize kwa nini, nadhani niliogopa kufika mikono mitupu.

Nilikukuta kama alivyosema. Nikakushika mikono yote miwili. Maafisa walipofika na barakoa zao nikawaambia: haya, nimemshika mgonjwa, nimepumua hewa yake, nimekanyaga sakafu yake, nimekaa hata juu ya choo chake. Sasa sote wawili ni wachafu sawasawa. Mmoja lazima apande, mmoja lazima abaki, ninyi mna ugumu gani kuchagua yupi? Yule mwenye dhahabu mabegani alinitazama kama nyangumi. Halafu akasema, "Mpandisheni mrefu." Mrefu ni wewe. Mara ya kwanza urefu wako kufaa kitu.

Pale koridoni ulinishika kola ukauliza, "Kwa nini unanipa?" Sikukujibu. Ili ukisikie kile ningekuambia ningepaswa kupiga kelele sitaha nzima isikie, na mimi si jasiri kiasi hicho. Nakuandikia.

Siku ile kwa Ersilia, mzunguko wa mwisho, niliposhusha saba ya kopa. Unaikumbuka. Ile karata inayojigeuza kuwa karata yoyote unayotaka, ikafagia meza, baa nzima wakanipigia makofi. Sikuipata mezani. Ilikuwa ndani ya kofia yangu tangu tulipoanza. Wiki mbili nilikuwa nimeizunguka Voltri yote nasimulia nitakavyonyolea ndevu roshanini, muuza samaki anajua, padri anajua, ningeanzaje kurudi kuwaambia nimelala kabatini? Na Gerolamo, nilipoupeleka mkono kichwani kujikuna, tangi nililikumbuka. Nililikumbuka kabisa. Nikajikuna.

Ndiyo hiyo. Nyangumi pia hakuwepo, lakini huyo ulishamjua.

Shemeji yako, kama bado,
Baciccia


Chumba 4027
10 Oktoba, jioni

Shemeji,

Salamu. Afya yangu ya kati na kati.

Mchana Luzviminda ameleta maini, hakuleta barua. Jioni ameleta supu, hakuleta barua. Nimemuuliza habari zako: yuko hai? Akasema yuko nje kwenye kiti. Nimemuuliza barua yangu aliisoma? Akasema aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya chungu cha mrihani. Nimemuuliza uso ulikuwaje? Akasema, "Bwana, mimi nabeba sinia, sibebi nyuso."

Nimekaa nikijiambia chumba hiki si kitu, mimi nimeishi chini ya maji nusu ya maisha yangu. Halafu nikazima taa, nijue tu. Nilihesabu mpaka mia mbili nikawasha. Na mimi hakuna aliyewahi kunikazia bolti.

Hilo pazia kweli ni la kipumbavu.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba unitukane kesho.

Baciccia


Chumba 9114, sitaha ya tisa
11 Oktoba, asubuhi

Shemeji Baciccia,

Salamu za huku juu. Mimi mzima. Nimekula mayai mawili na mkate, sikuuchovya.

Jana sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na kwa sababu nilikuwa na usingizi, sijui kipi kilizidi. Nililala kitini, nje, blanketi mpaka puani. Nikiamka naona mbingu, nakasirika, nalala tena. Hasira ya kulala nje ni nzuri, haichoshi.

Wewe ni mwongo na mwizi wa karata, na dada yangu aliniambia hivyo tangu mnachumbiana. Alisema, "Kaka, huyu anadanganya hata jina la mtakatifu wake, lakini nyumba ikiungua atarudi ndani." Nilidhani na hilo umemdanganya wewe.

Nimekusamehe kama nusu. Nusu nyingine bado naiangalia.

Upepo leo ni wa kaskazini, mkavu, unanukia nchi kavu. Mrihani una majani tisa, nimeyahesabu. Nakutumia moja. Lisugue kiganjani, unajua mwenyewe.

Luzviminda anasema kesho tunaingia Jenoa, wametukubali. Kwenye droo yako nimekuta zile karata tulizochezea kwa Ersilia, kumbe umezibeba. Nimempa akuletee ucheze peke yako huko ndani, usizime taa. Ukizihesabu utakuta thelathini na tisa. Usiitafute ya arobaini kitandani. Saba ya kopa niliishika nje ya ukingo wa roshani nikafungua vidole. Ilipinduka, ikapinduka, ikachukua muda mrefu kufika majini kuliko nilivyodhani. Sitaha ya tisa ni juu kweli, hapo hukudanganya.

Jumamosi tutacheza kwa Ersilia, na pakiti mpya. Uje kichwa wazi.

Shemeji yako,
Gerolamo