Maelezo ya Chiriku Kuhusu Nyimbo Zilizofutwa Studio

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Uharibifu wa mali

Jina: Anafahamika kama Chiriku. Umri: miaka 34. Kazi: mshona mapazia, pia mwimbaji wa viitikio. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro. Uhusiano na mtuhumiwa: wifi yake.

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema ukweli mtupu, nami nimekubali.

Mtuhumiwa ni mke wa kaka yangu. Watu wa studio wanamwita Dada Besi. Najua mawifi wengi hawapikiki chungu kimoja, lakini mimi na yeye tumeivana tangu aolewe kwetu, na ndiye aliyenipeleka studio kuimba. Mlalamikaji ni mwenye studio. Sote tunamwita Bosi.

Dada Besi alikuwa akitengeneza pale midundo ya klabu, ile ya kuchezeka. Nikisema akitengeneza, sina maana kwamba alikuwa akisaidia. Bosi alikuwa anaingia, anasikiliza, anatikisa kichwa, anatoka kupokea simu. Siku moja wifi alikuja kwangu na kinasa sauti, akaniambia nishone kama kawaida, nisimjali. Akairekodi cherehani yangu. Baada ya muda ile cherehani ikawa wimbo. Inakwenda mbio, inasita kama uzi umekatika, halafu besi inaingia. Niliucheza mpaka kiuno kikauma.

Wimbo ulipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la Bosi peke yake. Redioni aliulizwa mdundo ule aliutoa wapi, akasema ulimjia akiwa anaoga. Mimi na wifi tulikuwa tunasikiliza pamoja, jikoni kwake. Nilicheka nikidhani naye atacheka. Alizima redio, akaendelea kumenya vitunguu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumamosi, saa nane mchana, nilifika studio kuimba kiitikio cha mwisho cha albamu mpya. Nilimkuta Bosi na mgeni, mwandaaji wa matamasha. Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wifi, mbele ya kompyuta. Wifi alipoingia, mgeni alimwambia, "Dada, tuletee soda baridi." Bosi akaendelea kutazama kompyuta. Soda nilizileta mimi.

Mgeni alisikiliza nyimbo, akazipenda. Akataka besi iongezwe kidogo katika mmoja. Bosi akaanza kubofya huku na huku, haioni. Wifi akanyoosha mkono kupitia juu ya bega lake, akairekebisha akiwa amesimama. Mgeni, aliyekuwa amefumba macho akisikiliza, akasema, "Bosi, una mkono mwepesi wewe!"

Wifi akamwambia Bosi, "Mwambie nani kazitengeneza."

Bosi akacheka. "Huyu ni kama mwanangu hapa. Ananisaidia sana."

Mgeni akasema mwanamke kwenye mashine anapendeza, hata picha za tangazo zitatoka vizuri. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisema kama mtu anayesifia pazia.

Mgeni alipokwenda kusubiri kwenye gari, wifi aliomba kitu kimoja tu: jina lake liwekwe kwenye albamu. Hakupiga kelele. Bosi alimjibu, "Jina lako litaua soko. Watu wakijua ni mwanamke, wataanza kutafuta kasoro. Halafu wewe ni mke wa mtu, kesho una mimba, mimi nitamwambia nani?" Akaniambia niingie chumba cha kurekodia nijiandae, akatoka kumsindikiza mgeni.

Niliingia, nikavaa hedifoni. Wifi alikuwa upande wa pili wa kioo, amekaa sasa kwenye kiti chake. Akanipigia wimbo wa kwanza kidogo, ukakatika. Akapiga wa pili, ukakatika. Nilidhani tunapitia albamu kabla sijaimba, nikawa natabasamu, nachezesha mabega. Naye alikuwa ananitazama. Wimbo wa cherehani, ule wa asili ambao kila sauti imehifadhiwa peke yake, aliuacha ukaisha wote. Nao ukanyamaza. Nikamwonyesha dole gumba. Mungu anisamehe, nilimwonyesha dole gumba.

Baadaye nilimwona anachomoa diski ya akiba, yenye nakala za nyimbo zote, anaiweka ndani ya ndoo ya maji ya kudekia. Hapo ndipo nilipotoka mbio. Nikamuuliza, "Wifi, umefanya nini?" Akasema, "Vaa viatu twende nyumbani." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Hatukwenda. Bosi alirudi, akafungua kompyuta, akakuta hakuna wimbo hata mmoja, akaanza kupiga kelele kwamba ameibiwa jasho lake. Wifi alikaa palepale mpaka askari walipofika. Hakukimbia wala hakukana.

Kaka yangu alikuja hapa kituoni jioni ile. Alimwambia, "Muombe Bosi radhi tu, mke wangu, mambo yaishe. Ni muziki, si mtoto." Wifi alimtazama mpaka kaka akainuka mwenyewe akaondoka.

Afande ameniuliza kama nina uthibitisho kwamba nyimbo zile zilikuwa kazi ya mtuhumiwa. Sina. Uthibitisho ulikuwa mle mle ndani ya kompyuta, ameufuta kwa mkono wake. Kilichobaki duniani ni ule wimbo uliokwisha kutoka, na una jina la Bosi. Nina maneno yangu, na mimi ni wifi yake.

Leo asubuhi niliruhusiwa kumpelekea chai. Nilimuuliza kwa nini hakubakiza hata mmoja, wa kwake tu, wa kujikumbusha. Akasema, "Ningebakiza, ningeusikia." Chai hakuinywa.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Ameomba kwamba kwenye jalada la kesi, palipoandikwa mtuhumiwa ni "mhudumu wa studio", pasomeke "mtayarishaji wa muziki". Nimemfahamisha kuwa hivyo ndivyo mlalamikaji alivyoandikisha, na kituo hakina mamlaka ya kubadilisha. Shahidi ameondoka.